Daftari la Mpakani

Boma jeupe lililojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20 bado limesimama Biharamulo. Wageni hupelekwa kulitazama kama kumbukumbu ya vita na utawala. Lilikuwa pia ofisi ya uandikishaji. Kodi ya nyumba, ambayo Wajerumani walianza kuitoza mwaka 1898, haikuwezekana bila kwanza kuzihesabu nyumba na kumtaja mwenye kila nyumba. Kwa Wasubi na Wazinza wa Biharamulo, na kwa Wahangaza na Washubi wa upande wa Ngara, hapo ndipo jina la mtu lilipoanza kukaa katika karatasi inayotunzwa na mtu mwingine. Karatasi hizo zimebadilika sura mara nyingi tangu wakati huo. Zimekuwa stakabadhi, orodha za mgao, madaftari ya mabalozi wa nyumba kumi, na siku hizi kumbukumbu za kompyuta zilizoko mbali kabisa na Kagera. Ninachokusudia hapa ni kusimulia safari hiyo, kwa sababu ninaamini watu wa mpakani wameonja mapema jambo ambalo nchi nzima inaanza kulionja sasa.

Waingereza walipoitwaa Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia waliendeleza kodi, na stakabadhi yake ikawa ndiyo ushahidi wa mwanamume. Aliyekutwa njiani bila stakabadhi alikuwa na kesi kabla hajafungua kinywa. Kenya mambo yalikuwa makali zaidi: sheria ya mwaka 1915, iliyotekelezwa kwa nguvu baada ya vita, iliwalazimisha wanaume Waafrika kubeba kipande chenye alama za vidole na habari za mwajiri, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikebe cha bati. Tanganyika haikufika huko. Lakini Biharamulo ilikuwa na sababu yake ya kukusanywa na kuhesabiwa, nayo ni malale.

Mbung'o walikuwa wametapakaa katika mapori ya magharibi ya Ziwa Viktoria, na ugonjwa ulikuwa unaua kweli. Kuanzia miaka ya 1920, chini ya uongozi wa daktari George Maclean, serikali ilianza kuwatoa watu waliokuwa wakiishi mbalimbali porini na kuwaweka katika makazi ya pamoja, ambako miti ilifyekwa na wakazi waliweza kupimwa. Biharamulo ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizohamishwa hivyo. Sitaki msomaji adhani kwamba makazi yale yalikuwa hila tupu. Yaliokoa watu. Lakini yaliwazoesha wenyeji mambo mawili: kwamba ofisa anaweza kumwelekeza mtu mzima mahali pa kujenga na njia ya kupita, na kwamba sababu atakayoitoa itakuwa njema. Kila daftari lililofuata lilikuja na sababu njema.

Kabla ya kwenda mbele lazima nieleze mpaka wenyewe, maana bila mpaka hakuna anayeweza kuelewa kwa nini uandikishaji huku una uchungu wa pekee. Bugufi, ambayo leo ni sehemu ya Ngara, ilihusiana na ufalme wa Burundi kabla ya wakoloni kugawana ardhi. Kihangaza na Kirundi vinasikilizana kiasi kwamba wazee wa pande mbili wanaweza kuzungumza mchana kutwa bila mkalimani. Wakati wa ukoloni, kodi na kazi za kulazimishwa za Wabelgiji ziliwasukuma maelfu ya vijana kutoka Ruanda-Urundi kuja kutafuta vibarua katika mashamba ya Bukoba na Buganda na katika migodi ya dhahabu ya Geita. Njia zao zilipita katika wilaya hizi. Wengine walirudi kwao, wengine wakaoa, wakalima, wakazikwa hapa. Hakuna aliyewauliza hati.

Hati zilianza kuulizwa baada ya uhuru. Tarehe 9 Desemba 1961, aliyezaliwa Tanganyika alikuwa raia moja kwa moja endapo angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa Tanganyika. Wengine walitakiwa kuomba kwa muda maalumu. Dar es Salaam kanuni hiyo ilionekana nyepesi. Huku mpakani ilimaanisha kwamba uraia wa mtu unategemea mahali alipozaliwa baba au mama yake, katika miaka ambayo hapakuwa na cheti cha kuzaliwa kijijini na mwenye habari ni mkunga tu. Ndiyo maana hadi leo kijana wa Ngara au Biharamulo anayekwenda kuhojiwa na Uhamiaji huulizwa babu yake alizaliwa wapi na kazikwa wapi. Swali hilo lina mzizi wa kisheria, lakini linapotua juu ya kijana wa miaka 20 linakuwa mtihani ambao majibu yake yako kaburini.

Wakati huohuo wakimbizi wa kwanza walikwisha kuingia. Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda kati ya mwaka 1959 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 walipewa makazi Muyenzi, wilayani Ngara. Mwaka 1965 Bunge likapitisha sheria ya kuwadhibiti wakimbizi, iliyompa waziri uwezo wa kuwaamuru waishi eneo fulani na kuwaadhibu wakitoka bila kibali. Tanzania ya Mwalimu Nyerere ilikuwa na ukarimu mkubwa kwa wakimbizi, na mwaka 1980 ilifungua mlango wa uraia kwa Wanyarwanda wapatao 36,000. Ukarimu na daftari vilikwenda pamoja. Aliyepokelewa alipewa shamba, na pia alipewa jalada.

Kwa raia wa kawaida, jicho la serikali lilikaa karibu zaidi. Katikati ya miaka ya 1960 TANU ilieneza mfumo wa nyumba kumi nchi nzima. Kila kaya kumi zilikuwa na mjumbe wake, ambaye watu wengi wanamwita balozi. Balozi alisuluhisha ugomvi wa mume na mke, alikusanya michango ya msiba, alikuwa shahidi wa mauziano ya shamba. Ndiye pia aliyepaswa kuambiwa mgeni akilala kwako, ametoka wapi na ataondoka lini. Vijiji vya Ujamaa vilipojengwa kwa operesheni kati ya mwaka 1973 na 1976, kaya zilipangwa kwa mstari kando ya barabara, na kazi ya balozi ikawa nyepesi: aliweza kuziona nyumba zake zote akiwa amesimama mlangoni pake.

Nimewasikia wasomi wakiuita mfumo huo chombo cha upelelezi, na nimewasikia wazee wakiuita ujirani mwema. Kwa maoni yangu wote wanasema kweli, na palipo muhimu ni hapa: balozi alikuwa mtu unayemjua. Akikusingizia, ulijua umkabili nani. Ungeweza kwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, ungeita wazee, ungesimama mkutanoni ukasema huyu ana kisa nami tangu tulipogombania mpaka wa shamba. Mara nyingi haikusaidia, hasa kama balozi alikuwa na watu wa chama nyuma yake. Lakini mlango wa kulalamika ulikuwepo, na ulikuwa karibu.

Juu ya balozi mambo yalikuwa tofauti. Sheria ya mwaka 1962 ya kuwaweka watu kizuizini ilimruhusu Rais kumfunga mtu bila kumfikisha mahakamani, kwa taarifa ambazo mfungwa hakuonyeshwa. Idara ya Usalama wa Taifa ilifanya kazi miaka yote hiyo, na sheria yake mahususi ilipitishwa na Bunge mwaka 1996 tu. Katiba ya mwaka 1977 ilipata sura ya haki za binadamu kwa marekebisho ya mwaka 1984, na ndani yake ibara ya 16 inalinda faragha ya mtu, familia yake, makazi yake na mawasiliano yake. Kabla ya hapo Mtanzania hakuwa na haki ya faragha iliyoandikwa popote katika Katiba. Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyopendekeza vyama vingi, ilizitaja sheria 40 zilizohitaji kufutwa au kurekebishwa kwa kuwa zinakandamiza. Sheria ya kizuizini ilikuwa mojawapo.

Nyumba kumi haikubaki Tanzania. Ilivuka mpaka hadi Rwanda, ikachukuliwa na jina lake la Kiswahili likiwa zima, ikawa ngazi ya chini kabisa ya utawala. Huko ilikutana na jambo baya zaidi. Wabelgiji, katika miaka ya 1930, walikuwa wameandika kabila la kila mtu mzima katika kitambulisho chake: Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Serikali zilizofuata baada ya uhuru ziliuacha mstari huo katika kadi. Mwezi Aprili 1994, mauaji ya kimbari yalipoanza, kwenye vizuizi vya barabarani kadi hiyo ndiyo iliyoulizwa kwanza. Viongozi wa mitaa walijua kila nyumba ina nani. Ni jambo la kutisha kulisema, lakini lazima lisemwe na kila anayeandika juu ya vitambulisho katika ukanda huu: waliouawa walikuwa wameandikishwa vizuri, miaka 60 kabla, na watu waliodai kwamba wanataka tu takwimu.

Tarehe 28 Aprili 1994 wimbi la wakimbizi kutoka Rwanda lilifika Ngara. Katika muda wa takriban siku moja, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Tanzania. Hakukuwa na mfano wake katika historia ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi. Walipelekwa Benaco, na baadaye kambi zikaongezeka: Lumasi, Musuhura, Lukole, na Kitali upande wa Biharamulo. Wakimbizi wakawazidi wenyeji wa Ngara kwa mbali. Miti ikaisha, visima vikakauka, bei za sokoni zikapanda na kushuka kama homa.

Mashirika yaliyokuja kuwalisha yalihitaji orodha, na yalizipata kwa njia iliyokuwa rahisi wakati ule. Watu walikaa kambini kwa kufuata tarafa walizotoka Rwanda, chini ya viongozi walewale wa zamani, na viongozi hao ndio waliotoa idadi ya watu wao na kusimamia mgao. Wengi wao walikuwa wameongoza mauaji. Kwa hiyo daftari la chakula likawa daftari la utawala. Aliyetaka kurudi nyumbani, aliyesema alichokiona, au aliyeshukiwa kuwa na damu ya upande wa pili, alijulikana mara moja, maana alikuwa katika orodha ya mtu aliyekuwa na sababu ya kumnyamazisha. Mwezi Juni 1994 ilipojaribiwa kumwondoa Benaco Jean-Baptiste Gatete, aliyekuwa kiongozi wa tarafa ya Murambi, maelfu ya watu wenye mapanga na marungu waliwazingira wafanyakazi wa misaada na polisi wachache waliokuwapo. Gatete alikuja kuhukumiwa Arusha kwa mauaji ya kimbari mwaka 2011. Mwaka 1994, pale Benaco, alikuwa bado ana watu wake na orodha zake.

Nimekaa juu ya Benaco kwa sababu inavunja wazo moja lililozoeleka, kwamba hatari ya kuwafuatilia watu inatoka serikalini pekee. Kambini mwenye hatari alikuwa yeyote aliyeshika orodha bila kuwajibika kwa walioandikwa. Mashirika ya misaada yalikuwa na nia njema. Serikali ya Tanzania ilikuwa imefungua mpaka. Orodha ilifanya kazi yake mbaya hivyohivyo.

Mwezi Desemba 1996 Tanzania, pamoja na shirika hilo la Umoja wa Mataifa, ilitangaza kwamba Wanyarwanda wote wawe wamerudi kwao ifikapo tarehe 31 ya mwezi huo. Maelfu walikimbia kambi na kuingia maporini badala ya kwenda Rusumo. Jeshi likawarudisha barabarani, na kufikia mwisho wa mwaka karibu nusu milioni walikuwa wamevuka. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Warundi wa mikoa ya magharibi: askari walipita vijijini kuwakusanya walioishi nje ya kambi, na miongoni mwao walikuwamo watu waliokaa Tanzania kwa miaka mingi, wenye wake, waume na mashamba. Aliyetenganishwa na watoto wake hakuwa na pa kuuliza ni nani aliyemtaja.

Silaha zilizoingia katika miaka hiyo hazikutoka zote. Ujambazi ukashamiri katika mapori ya Biharamulo, na kwa muda mrefu mabasi na malori yaliyoelekea Ngara na Rusumo yalisubiri polisi wa kuyasindikiza. Watu waliuawa barabarani. Mkazi wa Nyamigogo au Lusahunga aliyeishi na hofu hiyo ana haki ya kuudhika akisikia mwandishi analalamikia ukaguzi. Alitaka ukaguzi. Alitaka majambazi wajulikane. Ninalikubali hilo kabisa, na sehemu inayofuata ya historia hii haiwezi kueleweka bila kulikubali.

Katika hali hiyo watu walitafuta njia za kumtambua mhalifu bila kungoja polisi. Sungusungu, walinzi wa jadi wa vijijini waliozaliwa Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, walienea, na mwaka 1989 sheria ikawatambua kwa kupitia sheria za mgambo. Mwaka 2009, mauaji ya watu wenye ualbino yalipozidi, serikali iliendesha kura za siri katika Kanda ya Ziwa: mwananchi anaandika kwenye karatasi jina la anayemshuku, anatumbukiza katika sanduku, anaondoka. Lengo lilikuwa kuwalinda watu waliokuwa wanawindwa, na hakuna mwenye utu atakayepinga lengo hilo. Lakini fikiria kuwa jina lako limo ndani ya sanduku. Hujui nani kaliandika. Hujui kaandika kwa sababu gani. Hakuna siku utakayoitwa kusikiliza ushahidi, kwa sababu ushahidi haujatakiwa. Kura ya siri tumeizoea kama ngao ya mnyonge anayemchagua kiongozi, na hapa ikageuzwa kuwa silaha dhidi ya jirani.

Uraia nao ukaanza kutumika hivyo. Mwanzoni mwa mwaka 2001 serikali ilitangaza kwamba watu wanne wanaojulikana hawakuwa raia. Mmoja alikuwa Jenerali Ulimwengu, mwandishi wa habari mzaliwa wa Kagera, aliyewahi kuwa mkuu wa wilaya na mbunge. Mwingine, Anatoli Amani, alikuwa mwenyekiti wa CCM wa mkoa huu. Wengine walikuwa mwanadiplomasia Timothy Bandora na Mouldline Castico wa Zanzibar. Ulimwengu alikuwa ameikosoa serikali kwa kalamu kwa miaka, na wengi waliona uhusiano. Suala lake lilimalizika baadaye na anaendelea kuishi na kuandika nchini. Somo lilibaki kwa wengine: ikiwa mtu aliyekuwa bungeni anaweza kuambiwa si raia, mkulima wa mihogo asiye na rafiki mjini atajiteteaje?

Mwaka 2013 mambo mengi yalikuja kwa pamoja. Mwezi Februari Rais Jakaya Kikwete alizindua vitambulisho vya taifa vya NIDA, vilivyosubiriwa tangu sheria yake ilipopitishwa mwaka 1986. Mwezi Juni Edward Snowden aliueleza ulimwengu jinsi shirika la kijasusi la Marekani, NSA, linavyokusanya mawasiliano ya watu wasio na kosa lolote, na mwaka uliofuata nyaraka zake zilionyesha kwamba Kenya ilikuwa mojawapo ya nchi ambazo habari za simu zake zilikuwa zinazolewa kwa jumla. Mwezi Oktoba Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilianza kutumia mtambo wa TTMS wa kufuatilia mwenendo wa simu, uliotetewa kwa hoja ya mapato na kuzuia simu za ulaghai. Na baada ya shambulio la Westgate, Nairobi, mwezi Septemba, serikali ya Kenya ikaamua kuiga mfumo wa Tanzania, ukaitwa Nyumba Kumi vilevile.

Huku kwetu mwaka huo unakumbukwa kwa Kimbunga. Katika ziara yake mkoani Kagera mwishoni mwa mwezi Julai, Rais Kikwete alitoa wiki mbili kwa wahamiaji haramu kuondoka na kwa wenye silaha kuzisalimisha. Uhusiano na Rwanda ulikuwa umechafuka tangu Mei, alipoishauri Kigali izungumze na waasi wa FDLR. Tarehe 6 Septemba Operesheni Kimbunga ilianza katika mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma, ikiwaunganisha polisi, wanajeshi, maofisa wa Uhamiaji na vyombo vingine. Makumi ya maelfu waliondoka, wengine kwa hiari kabla ya siku ya mwisho, wengine kwenye malori. Rwanda iliwapokea katika kambi za muda za Kiyanzi na Rukara. Silaha na mifugo mingi ilikamatwa, na usalama wa barabara ukaimarika. Huo ni ukweli.

Ukweli mwingine ni namna watu walivyotambuliwa. Askari kutoka Dar es Salaam au Mbeya hawezi kujua nani ni Mhangaza na nani ni Mrundi kwa kumtazama. Alihitaji kuambiwa. Aliyemwambia alikuwa balozi, mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji, au jirani aliyejitokeza. Pale ujuzi wote wa nyumba kumi, uliokusanywa kwa miaka 50 kwa ajili ya misiba na michango, ulikabidhiwa kwa mkupuo mmoja kwa watu wenye bunduki na malori. Kulikuwa na malalamiko ya raia waliobebwa kwa makosa, ya wake waliobaki na waume waliopelekwa, ya ng'ombe walioachwa zizini wakachukuliwa na waliobaki. Baadhi ya waliovushwa walikuwa wamezaliwa Tanzania na hawakumjua mtu hata mmoja upande wa pili. Lugha ikawa ushahidi, sura ikawa ushahidi, na ugomvi wa mpaka wa shamba ukapata hakimu mpya asiyesikiliza upande wa pili. Operesheni ile iliondoa majambazi, na ilifanya dhuluma. Anayesema moja tu kati ya haya mawili hajaisema historia ya wilaya hizi.

Baada ya Kimbunga daftari lilihamia kwenye simu. Usajili wa laini ulikwisha kuanza mwaka 2009, ukapata nguvu ya sheria ya mawasiliano ya mwaka 2010. Mei 2019 ukaja usajili wa alama za vidole, na sharti lake lilikuwa namba ya NIDA: tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa tarehe ya kuzaliwa. Siku ya mwisho ilikuwa tarehe 31 Desemba. Siku chache kabla, Rais John Magufuli alisajili laini yake akiwa nyumbani Chato, akaongeza muda hadi tarehe 20 Januari 2020. Chato ilikuwa sehemu ya Biharamulo kabla ya kuwa wilaya, na Magufuli mwenyewe aliingia bungeni mwaka 1995 kama mbunge wa Biharamulo Mashariki. Aliwajua watu wa huku na foleni zao.

Mijini usumbufu ulikuwa wa foleni. Mpakani ulikuwa zaidi ya foleni, kwa sababu ili upate namba ya NIDA lazima uraia wako uthibitishwe, na hapo linarudi lile swali la kaburi la babu. Aliyekwama kwa Uhamiaji alikosa namba. Aliyekosa namba alizimiwa laini. Aliyezimiwa laini alipoteza pesa za simu, habari za bei ya mazao, mawasiliano na mtoto aliyeko shule ya bweni. Wapo wazee ambao vidole vyao, vilivyochakazwa na jembe, havikusomeka katika mashine. Wengi waliazima laini iliyosajiliwa kwa jina la ndugu, wakavunja sheria bila nia ya ubaya, na tangu siku hiyo wanaishi kwa kosa ambalo yeyote anaweza kuwakumbusha.

Tena kwa upande wa serikali laini iliyosajiliwa inaeleza zaidi ya balozi yeyote. Inajua ulimpigia nani, saa ngapi, ukiwa karibu na mnara gani. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 iliwapa polisi uwezo wa kudai taarifa kama hizo bila kwanza kupitia kwa hakimu katika kila hali. Jamii Forums, mtandao wa mijadala, ilikwenda Mahakama Kuu kuupinga uwezo huo na ikashindwa mwaka 2017. Mwanzilishi wake, Maxence Melo, alikuwa amekamatwa Desemba 2016, na katika mashtaka yaliyomkabili lilikuwamo la kuzuia uchunguzi kwa kutotoa taarifa za watumiaji. Mwezi Julai 2019 mwandishi wa habari mwenye asili ya Kagera, Erick Kabendera, alichukuliwa nyumbani kwake Dar es Salaam, na maelezo ya kwanza ya polisi yalikuwa kwamba uraia wake unachunguzwa. Mashtaka yaliyofuata yalikuwa mengine kabisa. Kwa msomaji wa Ngara au Biharamulo hakuna haja ya kueleza kwa nini uraia ndio ulioanza kutajwa.

Kenya walipitia hapo pia. Mfumo wa utambulisho wa Huduma Namba ulipoanza kuandikisha watu mwaka 2019, wawakilishi wa Wanubi, ambao kwa vizazi wamehojiwa na kamati kabla ya kupewa kitambulisho, walikwenda mahakamani pamoja na wengine. Mahakama Kuu ya Nairobi, Januari 2020, iliruhusu mfumo uendelee kwa sharti la kuwepo kanuni za kutosha, na Oktoba 2021 hukumu nyingine ikasema utoaji wa kadi ulikuwa kinyume cha sheria kwa kuwa athari zake kwa taarifa za watu hazikutathminiwa kwanza. Mahakama haikukataa watu waandikwe. Ilidai aliyeandikwa alindwe kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Tanzania sasa nayo ina sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua Tume yake mwezi Aprili 2024. Inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinazotunzwa, kuziona, na kudai zisahihishwe zikiwa na makosa. Inaacha nafasi pana kwa masuala ya usalama wa taifa na uzuiaji wa uhalifu, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo, maana katika wilaya za mpakani kila jambo linaweza kuitwa usalama wa taifa, kuanzia ng'ombe hadi lafudhi. Na tangu Tume ianze kazi nchi imeona pia intaneti ikizimwa, mwezi Oktoba 2025 wakati wa uchaguzi, jambo linalokumbusha kwamba anayeweza kuona mawasiliano yote anaweza pia kuyafunga yote.

Haki ya kusahihisha kosa lililoandikwa juu yako ndiyo iliyokosekana katika kila ukurasa wa historia hii. Haikuwepo bomani, haikuwepo Benaco, haikuwepo kwenye sanduku la kura za siri, haikuwepo kando ya lori la Kimbunga. Kwa hiyo ninaiomba Tume ifike Biharamulo na Ngara na kukaa na watu, kwa Kiswahili kinachoeleweka mkutanoni. Ninaiomba Idara ya Uhamiaji imwandikie kila inayemnyima uthibitisho wa uraia, ikitaja sababu na mahali pa kukata rufaa, badala ya kumwambia arudi wiki ijayo. Ninawaomba wabunge wa Kagera wadai kwamba ombi la taarifa za simu ya mtu lipite kwanza kwa hakimu. Na wewe uliyepo Nyamigogo, Nyakahura, Rulenge au Kabanga, ambaye jina lako limekosewa, tarehe yako ya kuzaliwa si yako, au faili lako limekaa miaka bila jibu: andika barua, taja sheria ya mwaka 2022, bakiza nakala, na dai jibu kwa maandishi.